Filamu Tulizozikuta Katikati

Kalemie, Jumamosi, wiki ya kwanza ya likizo kubwa

Papa,

Leo nitakuambia yote. Mama yuko sokoni na samaki wake wa mikebuka, Feza anacheza kwa jirani, nami nimekaa kwenye mlango wa nyuma na karatasi juu ya magoti. Nimejiwekea sharti moja: sitaruka kitu, hata yale ambayo nikiyafikia mkono utakataa kuandika. Nivumilie basi, maana nitaanzia mbali.

Kwanza habari za nyumbani. Feza ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akisema "sombe" unatoka upepo mtupu. Mimi nimepita, mwaka ujao naingia wa tano. Ziwa limerudi nyuma kidogo, na watu wa avenyu ya chini wameanza kurudi kwenye nyumba zao na kufagia mchanga kutoka vyumbani. Lakini ile salle ya Papa Ramazani iliyokuwa karibu na maji haikupona. Ukuta wa upande wa ziwa ulianguka. Amehamisha sinema yake juu, nyuma ya mashine ya kusaga mihogo, na sasa ana televisheni kubwa nyembamba na viti vya plastiki. Zile mbao ndefu ulizokuwa unasema zinauma kuliko kiti cha treni, amezifanya kuni. Kila nikipita ananiita, "Mutoto ya mashinisti! Mama anaendelea?" Nami najibu, "Anaendelea, Papa Ramazani." Hilo ndilo jibu la barabarani. Jibu la kweli nakupa wewe.

Mama haendelei, Papa. Siku ya kumaliza kilio ndugu zako walikuja, wakamwambia avue nguo nyeusi, naye akavua. Alivaa kile kikwembe cha njano, akapakulia wageni, akacheka walipocheka. Kesho yake nikafikiri ameturudia. Kumbe rangi ile ilikuwa ya wageni tu. Si kwamba analia. Kilio chake amekimaliza kweli. Jambo lenyewe ni dogo, na mtu akiingia kwetu kwa muda mfupi hataliona: Mama haketi tena. Anakula amesimama, sahani mkononi, mgongo kwenye ukuta. Kanisani anakaa kwenye ukingo wa benchi, kama mtu anayengoja kuitwa. Nikimletea kiti anasema, "Asante, mwanangu," kisha anakitumia kuwekea ndoo.

Nilitaka aketi. Ndiyo maana nikawaza sinema. Sikujua mahali pengine ambapo Mama alikuwa akikaa muda mrefu, mabega yamelegea, mikono haina kazi.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda? Wewe hukuwa mtu wa kutangaza. Treni yako iliweza kuondoka Kabalo leo ikaingia hapa kesho, au keshokutwa, au wiki nyingine kabisa, nasi tulijifunza kutouliza. Halafu mchana mmoja tu, bila habari, unatokea mlangoni na mafuta ya mashine mpaka kwenye nyusi, na hata hujatusalimia unasema:

"Mama Faida, vaa viatu! Tunatoka."

Mama anaruka pale kwenye mbabula ya makaa, sufuria mbele yake, mkono kifuani. "Weye Papa Faida! Muntu anaingia sawa mwizi! Na bukari yangu?"

"Bukari haina miguu. Tutaikuta."

"Na hawa watoto nitawapeleka na vumbi hii?"

"Kule ni giza. Nani ataona vumbi?"

Nami tayari niko uani naruka kwa mguu mmoja, kiatu kingine mkononi, moyo unapiga mpaka masikioni. Sijapata tena furaha kama ile. Ilikuwa inaniangukia kichwani kama embe, na sikuwa na nafasi hata ya kuiogopa.

Hatukujua ni filamu gani. Ubao wa nje tuliupita mbio. Tulifika filamu imekwisha kuanza, tukaingia gizani tukikanyaga watu, nawe unasema "Pardon, pardon" kwa sauti yako ya stesheni, na siku zote kulikuwa na mmoja wa kupiga kelele kutoka mbele: "Mashinisti, treni yako imechelewa tena!" Salle nzima inacheka. Nawe unajibu, "Treni haichelewi, saa zenu njo zinakimbia!" Halafu tunakaa, Mama kati yetu, na mbele yetu kuna mtu anakimbizwa, na hatujui kama ameiba au ameibiwa.

Hapo ulikuwa unachagua haraka. "Sisi ni wa huyu mwenye kofia." Basi, tunakuwa wa mwenye kofia. Mara nyingine mwenye kofia akageuka kuwa ndiye muuaji mwenyewe, na watu wote wanamzomea, nami nakuvuta shati: "Papa, tuhamie kwa yule mwingine." Ukakataa kabisa. "Tumekwisha kupanda behewa yake. Hatushuki katikati ya pori." Tukabaki naye mpaka walipomkamata, sisi peke yetu tukimhurumia.

Na njiani kurudi unatutengenezea mwanzo. Nilikuwa mkubwa tayari nilipojua kwamba watu wengine huona mwanzo wa filamu kwa macho. Mimi nilidhani mwanzo ni kitu cha kusimuliwa na baba njiani, kiatu kimoja kikiwa kimeingia mchanga. Kuna ile ya Kihindi, tulimkuta mwanamke analia karibu na kisima, ana kiatu kimoja. Kutoka kwa Papa Ramazani hadi nyumbani ulitueleza kwamba kile kingine alikitupia basi lililokataa kumngoja mama yake mgonjwa. Mama akakuuliza, "Na basi lilisimama?" Ukasema, "Lilisimama. Lakini dereva alikataa kurudisha kiatu." Hivi karibuni niliona mwanzo wa filamu ile kwenye simu ya Aline. Kiatu kilichukuliwa na mbwa. Mbwa tu, Papa! Sikumwambia Aline kitu, ila niliona aliyetunga filamu ile hakujisumbua.

Aline unamkumbuka, binti wa yule bwana wa forodha bandarini, tunakaa benchi moja. Kwao ni kinyume. Baba yake hutangaza Jumatatu kwamba Jumapili watakwenda sinema, na kuanzia siku ile filamu inakuja shuleni kila asubuhi pamoja na Aline. Anajua jina lake. Ameupitia ubao mara mbili. Anajua atavaa nini, atakaa wapi, na kama watanunua karanga au biskuti. Nilimwonea wivu, nakuambia kweli. Yeye alikuwa na wiki nzima ya filamu, kisha na filamu yenyewe. Mimi nilikuwa na filamu peke yake, tena nusu. Lakini Jumatatu nilikuwa namwangalia anavyoingia darasani taratibu. "Ilikuwa nzuri," anasema. "Ila niliifikiri kubwa zaidi."

Sasa amepewa simu na kaka yake aliye Lubumbashi, na filamu zimejaa humo. Mara mbili ameniita tuangalie. Unagusa, inaanza. Mtu akipiga hodi unaisimamisha, na shujaa anabaki mguu mmoja hewani mpaka mgeni aondoke. Hakuna kungoja, wala hakuna kushtuka. Nilichoka upesi, nikamsingizia kichwa kuuma.

Mwisho wa mwaka mwalimu wetu alitupa mada ya kuandika: furaha uliyoingoja na furaha iliyokujia ghafla, ipi kubwa zaidi? Aline aliandika juu ya kungoja. Mimi niliandika juu ya ghafla, kwa nguvu zangu zote, na aliyekuwa ndani ya maneno yangu ni wewe, ingawa sikukutaja. Nilisema anayengoja huila furaha yake kidogo kidogo, mpaka siku yenyewe ikifika anakuta sahani tupu. Mwalimu alinipa alama nzuri sana. Chini akaandika kwa wino mwekundu: "Je, uliwauliza wote wa nyumbani?" Nilidhani ni mambo ya walimu, hawawezi kukusifu bila kukubana mahali.

Siku tulipopewa matokeo nilirudi mbio. Nilikuwa nimekwisha kupanga. Niliona kosa ni kumwambia Mama mapema. Akiambiwa mapema atapata nafasi ya kukataa, atasema samaki, atasema kuni, atasema Feza anakohoa. Mama anahitaji kuangukiwa, nikasema, kama zamani. Nilimvalisha Feza viatu nyuma ya nyumba, nikamwambia asubiri. Mama alikuwa jikoni anasonga bukari, amesimama. Niliusukuma mlango kwa nguvu, ukagonga ukuta vile ulivyokuwa unagonga kwako, nikakaza sauti iwe nene, nikasema:

"Mama Faida, vaa viatu! Tunatoka."

Papa, mwiko ulianguka.

Hakusema "Weye." Hakuweka mkono kifuani. Aliangalia juu ya kichwa changu, nyuma yangu, kule mlangoni. Nilimwona anatafuta. Kisha akaniona mimi. Bukari ikaanza kuungua, na kati yetu hakuna aliyeiepua.

"Treni haikulia," akasema.

Sikuelewa. Akarudia, kama mtu anayesahihisha mtoto: "Treni haikulia, Faida. Nitakuwa tayari namna gani?"

Feza aliingia na viatu vyake akaanza kulia, bila kujua analia nini. Mama akaepua sufuria. Akavuta kigoda, akaketi. Ndiyo, aliketi, nami sikuthubutu hata kusogea, nikaogopa atasimama tena. Akaniambia jambo ambalo labda unalijua na labda hulijui, na hapo ndipo penye swali langu.

Alisema kwamba kabla sijazaliwa ulimwahidi sinema. Ilikuwa sikukuu, na ulimletea kikwembe kipya kutoka Kabalo, ukasema, "Hiki ni cha kuangalia nacho filamu." Siku yenyewe alijipaka poda, akaketi kwenye kiti uani toka mchana, wima, ili kitambaa kisikunjane. Treni yako ikafia porini, upande huu wa Nyunzu. Majirani walipita kwenda sinema wakamsalimia, wakarudi kutoka sinema wakamsalimia tena. "Na mimi niko pale tu, sawa picha ku ukuta," alisema Mama. Ulipofika, siku nyingine, ulimwomba msamaha ukamwambia hutamwahidi tena hata mara moja, kwa sababu ile mashine haina bwana. "Na neno hilo alilishika," alisema, "kuliko angeshika ahadi."

Kwa hiyo ghafla yako haikuwa tabia yako, Papa. Mimi nilidhani ulizaliwa hivyo.

"Lakini mimi niko na masikio," Mama akasema.

Treni ikija kando ya mto Lukuga hupiga honi kabla ya daraja. Kutoka honi ile mpaka ufike stesheni, ukabidhi mashine, umsalimie chefu wa stesheni, ucheke na watu wa mizigo, upande kilima mpaka nyumbani, kuna muda wa kusonga bukari moja na kuosha miguu ya mtoto. Mama aliupima kwa sufuria. Honi ikilia aliacha kila kitu. Aliwasha, akasonga, akafunika chakula vizuri kwa kitambaa kizito na kukiweka kwenye kona ya chumba. Aliniosha miguu. Alipanga viatu chini ya kitanda, midomo ikielekea mlango. Alinyosha kikwembe, akakifunga chini ya kile cha kazi. Halafu akachukua sufuria nyingine, akatia maji, akaweka juu ya mbabula, akashika mwiko na kukungoja.

"Ile sufuria muliyokuwa munaona," aliniambia, "mulikuwa na maji tu."

Nilicheka, Papa, ingawa nilikuwa nalia. Miaka yote ile tulirudi kutoka sinema tukakuta bukari ya moto, imeiva, laini, na hakuna siku niliyojiuliza ni nani aliyeimaliza kuisonga. Nilidhani ni kweli haina miguu, imekaa tu ikatungoja.

"Na siku Papa alipofika akawa amechoka, akalala?" nikamuuliza.

"Siku hiyo nilimwaga maji, nikapakua."

"Bila kusema kitu?"

"Ningesema nini? Hakuniahidi."

Na sasa nafika pale ambapo mkono unakataa. Siku waliyokurudisha kutoka Nyunzu, baada ya ile tansyo ya damu kukuangusha wakati mnangoja mizigo, honi ililia vilevile. Ilikuwa ndefu kama siku zote. Kwetu habari ilikuwa haijafika. Mama akawasha. Akasonga, akafunika, akamwosha Feza miguu, akaniambia mimi nikachane nywele, akaweka maji juu ya moto. Mlango ukafunguliwa, na walioingia ni Papa Kabwe, msaidizi wako, na wazee wawili wa reli, kofia mikononi. Akina mama wa avenyu walipokuja kulia nasi walikuta chakula cha watu wanne kimeiva chini ya kitambaa, na watoto wamevaa viatu safi, na niliwasikia wawili wananong'ona pembeni: "Alijuaje? Nani alimwambia mbele?" Neno lile lilikaa ndani yangu kama mwiba. Niliogopa kumuuliza Mama. Niliogopa kwamba labda kweli alijua kitu, akatuficha.

Hakujua kitu, Papa. Alikuwa anakwenda sinema.

Na treni bado inaingia. Kabwe ndiye anaiendesha. Kila inapolia kwenye daraja, alisema Mama, miguu yake inaamka mbele ya kichwa, na kabla hajakumbuka amekwisha kushika sufuria. Ndiyo sababu haketi. Amechoka kuinuka bure, basi anabaki amesimama.

Nilimuuliza swali moja tu la mwisho. "Papa alijua kwamba uko tayari?"

Alichokora bukari iliyoungua kwa kucha. "Sikumwambia hata siku moja. Nilitaka afurahi kunishtua. Muntu anatoka njia ya siku nyingi, na mashine ile, na joto ile, anataka akifika nyumbani awe muntu wa kushtua watu." Akafuta ukucha kwa kikwembe. "Kama alijua, sijui. Muulize yeye."

Alisema hivyo kama watu wanavyosema. Lakini unanifahamu, mimi nikitumwa naenda.

Kwanza nilikwenda kwa Papa Kabwe. Nilimkuta stesheni anakula mihogo kwenye kivuli cha behewa. Nilimuuliza kwa nini treni yake inalia ndefu vile kwenye daraja, wakati mashinisti wengine wanapiga fupi na kupita. Akacheka. "Mutoto, mimi nilimukuta bosi anavuta vile. Anavuta mpaka mukono unachoka. Nilifikiri njo kazi, na mimi navuta."

"Sheria inasema hivyo?"

"Sheria inasema kuamsha watu walio ku reli. Haisemi kuamsha muji muzima."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza siku moja. Alisema, 'Kabwe, kuna watu hawasikii vizuri.'" Akaendelea kutafuna, kisha akaniangalia. "Kama inamuumiza mama yako, nitaipunguza. Aniambie tu."

Nilimpelekea Mama neno hilo. Alikuwa anapasua samaki. Alimaliza huyo, akamaliza na wa pili. "Aache ilie," akasema. "Lakini mimi sitaamuka tena kwa treni ya bwana wa bibi mwingine." Kisha, kisu bado kiko mkononi: "Ule ubao wa Papa Ramazani, unasema nini siku hizi?"

Nilikimbia kuusoma. Papa, nilikimbia kama zamani. Nilirudi nikamwambia: Jumapili mchana, filamu ya Kihindi, ndefu, yenye nyimbo, imeletwa na boti kutoka Kigoma.

"Nenda kamwambie atuwekee viti vitatu mbele," akasema Mama. "Nataka kuona mwanzo."

Nikamuuliza kama hataki tusubiri, tuone siku yenyewe itakuwaje, isije ikaharibika mbele yetu. Akatikisa kichwa. "Miaka yote nilingojea kwa kujificha, Faida. Sasa nataka kungojea wazi. Watu wote wajue Mama Faida anangojea kitu."

Na wanajua! Amewaambia sokoni, amewaambia kwaya, amemwambia hata yule mzee wa kushona viatu asiyesikia. Akina mama wa samaki wanamtania kutwa nzima: "Mama Faida, hata bwana-arusi hangojewi hivi!" Naye anajibu, "Bwana-arusi anaweza kukosa kuja. Filamu ya Papa Ramazani iko na jenereta." Kile kikwembe cha njano kimefuliwa na kunyoshwa, kinaning'inia mahali pa wazi, mbele, kila anayepita akione. Amemuuliza Feza kama wanapenda karanga au biskuti, na Feza kila asubuhi anabadilisha jibu. Jana jioni Mama aliketi. Alikuwa anashona ukosi wa gauni la Feza, akaketi tu kwenye kiti, akaanza kuimba, akasahau kuinuka. Nilipita mara tatu kuangalia.

Kwa hiyo leo nimeionja furaha ya Aline, na nakiri kwamba ni tamu. Inakaa ndani ya kila kazi. Unaosha vyombo nayo. Hata foleni ya maji imekuwa fupi. Lakini pia inatisha. Naogopa jenereta itazima. Naogopa ile Jumatatu ya Aline, kwamba tutatoka pale tukisema niliifikiri kubwa zaidi, na Mama atarudi kusimama. Nilimwambia hofu yangu asubuhi ya leo akijitwisha beseni. Akasema, "Hata ikiharibika, siku hizi za kungojea nani ataninyang'anya?" Akaenda sokoni anatembea polepole, kama mtu mwenye mali.

Nikiandika ile mada tena sitajua nimalizie wapi. Niliandika kwamba ya ghafla ni kubwa, na sikudanganya, kwangu ilikuwa hivyo. Lakini ghafla yako ilikuwa na mpishi, Papa. Mtu mmoja alikaa na kungoja kote, akakunja kungoja kwake ndani ya kitambaa kizito, ili sisi wawili tubaki na kuruka tu. Au labda hakuwa mmoja. Labda mlikuwa wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake furaha yake, na mimi katikati nikiwa na kiatu mkononi nisione kitu.

Jua limegeuka, na namsikia Feza ananiita. Nikuache upumzike. Usituwaze kwa huzuni kesho mchana, tuko salama. Nakuahidi kwamba sitaichukua tena sauti yako kumshtulia Mama. Nitakuwa na yangu, na nikitaka atoke nyumbani nitamwambia mapema, nitangoja pamoja naye, hata ikiwa ni kungoja kwa bure. Na kesho, gizani, sitaangalia filamu tu. Nitamwangalia na yeye.

Mama amenituma nikuulize, na safari hii sitarudi kwake bila jibu. Nijibu kwa njia yoyote unayoiweza, ila iwe mapema, kabla hatujafunga mlango kesho. Ile honi ndefu ya darajani, Papa, ulikuwa unawaamsha watu wa reli, au ulikuwa unamwambia Mama aanze kupika?

Faida wako